Dola ya njano ya Mugumu: Muislamu na wajibu wa kusema kilichomo

  

Ndugu Waislamu, wakati fulani nilikuwa Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, kwa shughuli za da'awa. Usiku wa pili, baada ya sala ya Isha, watu walitawanyika akabaki kijana mmoja karibu na nguzo. Alisubiri mpaka msikiti ukawa mtupu, akanijia, akafungua kitambaa alichokuwa amekikunja mara nyingi. Ndani yake mlikuwa na sarafu moja ya njano inayong'aa.

"Sheikh, hii ni dhahabu?"

Nikamuuliza, "Nani amekwambia ni dhahabu?"

"Hakuna. Nilijiambia mwenyewe."

Nikaigeuza. Upande mmoja kuna sura ya mwanamke aliyembeba mtoto mgongoni, na mwaka 2000. Upande wa pili kuna ndege tai, na maandishi ya dola moja ya Marekani. Kijana yule alikuwa akiosha magari ya watalii kwenye kambi moja upande wa Ikoma. Mgeni alimpa sarafu mbili za namna hiyo kama bakshishi. Alipozipeleka kubadilisha aliambiwa kuwa dola zinazopokelewa ni za noti tu, sarafu hazina mnunuzi. Akarudi nazo nyumbani, na kwa kuwa zilikuwa za njano na zimetoka kwa Mzungu, akaamini amepewa dhahabu.

Kama mambo yangeishia hapo tungecheka tukaachana. Lakini baadaye kijana alivuka Mto Mara akaenda Nyamongo, Wilaya ya Tarime, kutafuta riziki kwenye makarasha. Huko akapatwa na shida ya ugonjwa nyumbani, akahitaji shilingi 150,000. Akaenda kwa mama mmoja anayemuuzia chakula kila siku, akamwekea sarafu moja rehani. Alimwambia ni dhahabu. Mama yule si Muislamu, lakini alikuwa akimjua kijana kuwa ni mtu wa swala, akampa fedha bila maneno mengi. Miezi miwili baadaye kijana alikwenda Tarime mjini na ile sarafu ya pili, akamwonyesha sonara. Sonara aliisugua kwenye jiwe, akatia dawa yake, akamrudishia. Akamwambia hii ni shaba.

"Sasa Sheikh," akaniambia, "mimi najua, yule mama hajui. Wakati namkabidhi sikusema uongo, nilikuwa naamini. Nikinyamaza mpaka nimlipe taratibu, nina dhambi?"

Nilimwomba anipe usiku mmoja. Swali lake nilishalielewa, ila nilitaka nimjibu kwa ukamilifu. Yale niliyomweleza asubuhi, pamoja na mengine niliyoyasoma baadaye, ndiyo ninayoyaleta kwenye safu hii.

Thamani tatu ndani ya sarafu moja

Tuanze na sarafu yenyewe. Dola hii ya njano ilianza kutolewa Marekani mwaka 2000. Mwanamke aliyeko usoni ni Sacagawea, wa kabila la Shoshone miongoni mwa wenyeji wa asili wa nchi ile, aliyefuatana na msafara wa wapelelezi wa serikali mwanzoni mwa karne ya 19 akiwa na mtoto wake mchanga. Kuanzia 2007 zikafuata dola za ukumbusho wa marais wao, zenye rangi na madini yale yale. Uzito wake ni gramu 8.1. Asilimia 88.5 ni shaba, 6 ni zinki, 3.5 ni manganizi na 2 ni nikeli. Dhahabu iliyomo ni sifuri. Hata bila dawa ya sonara, mkono wenyewe ungetosha kumwambia, maana kipande cha dhahabu halisi chenye ukubwa ule kingekuwa na uzito zaidi ya mara mbili.

Wamarekani wana dola nyingine za kumbukumbu, ambazo ni za fedha. Ninaposema fedha hapa nakusudia madini yale meupe, maana Kiswahili chetu kimeyapa madini na pesa jina moja, na hilo lina historia yake. Mwaka 1982 nchi ile ilirudia kutoa sarafu za kumbukumbu baada ya kuacha kwa miaka karibu 30, na mwaka 1983 ikatoa dola ya fedha kwa ajili ya michezo ya Olimpiki ya Los Angeles iliyofanyika 1984. Ina uzito wa gramu 26.73, na asilimia 90 yake ni fedha safi, yaani gramu 24 na kidogo. Dola za namna hiyo ziliendelea kutoka kwa matukio na watu mbalimbali, na kuanzia 2019 usafi wa fedha ukapandishwa hadi asilimia 99.9. Haziuzwi kwa dola moja. Mnunuzi hulipa bei ya madini, gharama ya kazi, na juu yake nyongeza ambayo sheria inaielekeza kwa taasisi au shughuli inayokumbukwa.

Sasa angalia. Sarafu hizi mbili zote zimeandikwa dola moja. Ile ya njano, madini yake ni hafifu kuliko yale maandishi. Ile nyeupe, madini yake yanayapita maandishi kwa mbali, na mwenye kuipeleka dukani kununulia mkate kwa dola moja atakuwa amejidhulumu. Juu ya hayo kuna bei ya tatu, ya wale wanaokusanya sarafu kwa mapenzi yao, ambao hutazama mwaka, idadi iliyotolewa na kama ina mkwaruzo. Bei hiyo haina uhusiano wa lazima na madini wala na maandishi. Leo anaitaka mtu mmoja kwa bei kubwa, kesho hapatikani hata wa kuiulizia.

Kila moja ya thamani hizi tatu ni halali kuuziana. Haramu inaingia pale mtu anapochukua moja akaipitisha kwa jina la nyingine.

Hata sisi tunazo

Asije mtu akadhani hili ni jambo la Wamarekani. Mwaka 1974 Tanzania ilitoa sarafu za kumbukumbu ya hifadhi ya wanyamapori: ya shilingi 25 yenye twiga, ya shilingi 50 yenye faru, zote za fedha, na ya shilingi 1,500 ya dhahabu yenye duma. Upande wa pili ni sura ya Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, mkoa huo huo wa Mara. Watu wa Serengeti wanamjua duma kwa kumwona akikimbia. Wangapi wanajua kuwa yuko pia kwenye dhahabu yenye jina la nchi yao? Ile sarafu ya duma ina gramu 33.4, na asilimia 90 ni dhahabu, yaani gramu 30 hivi za dhahabu safi. Usoni inasema shilingi 1,500. Sijui kama shilingi 1,500 leo inamfikisha mtu popote kwa bodaboda.

Na mbele ya hiyo kuna ile ya Tabora. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezibiwa njia ya bahari na Waingereza, waliishiwa sarafu. Wakachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, Iramba, wakaigonga kwenye karakana ya reli Tabora, wakatoa sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Zilitoka 16,198 tu. Uzito wake ni gramu 7.168, na robo tatu yake ndiyo dhahabu. Kwenye karakana hiyo hiyo waligonga pia heller 20 za shaba, ambazo hazikuwa na thamani yoyote ya madini ya kujivunia. Vita viliwalazimisha watoe za aina mbili kwa pamoja, ya dhahabu na ya shaba, na wananchi walijua kuzitofautisha kwa macho.

Lile suala la jina nililoligusa, kule Serengeti lina mfano wake. Ndani ya eneo ambalo sasa ni Hifadhi ya Taifa kuna mahali panaitwa Kilimafedha, palipokuwa na mgodi wakati wa Waingereza. Kilichochimbwa hapo ni dhahabu, lakini jina likabaki la fedha, kwa kuwa kwa msemaji wa Kiswahili pesa ni fedha na fedha ni pesa. Mababu zetu wa pwani hawakuwa wajinga walipozichanganya. Wakati wao pesa ilikuwa kweli ni fedha. Reale waliyouziana Unguja, Mombasa na Lamu, ile yenye kichwa cha malkia Maria Theresa, ilikuwa na gramu 28 na zaidi ya asilimia 83 ilikuwa fedha safi. Jina lenyewe la "dola" limetokana na jina la sarafu za jamii hiyo za kule Ulaya. Jambo la ajabu ni kuwa imeandikwa mwaka 1780 na iliendelea kugongwa na mwaka huo huo, katika miji mingi, kwa zaidi ya miaka 150 iliyofuata. Tarehe yake haikuwa ya kweli, lakini madini yake yalikuwa ya kweli, na watu waliiamini kwa sababu ya madini.

Kisha angalia jinsi fedha ilivyotoka ndani ya pesa yetu bila kelele. Rupia iliyotumika Afrika Mashariki ilikuwa na fedha karibu asilimia 92. Mwaka 1920 ikaja florini yenye asilimia 50. Mwaka 1921 ikaja shilingi yenye asilimia 25. Ilipofika 1948 shilingi ya Afrika Mashariki ikawa ya shaba na nikeli, haina fedha hata chembe. Kichwa cha Mfalme Joji kilibaki pale pale usoni. Na leo hii shilingi 500 yenye nyati, iliyoanza mwaka 2014, ni chuma kilichopakwa nikeli. Mpe mtoto sumaku, ataiona inavyonasa.

Je, huu ni udanganyifu? Wapo Waislamu wenye ghera wanaosema pesa yoyote isiyokuwa dinari na dirhamu ni batili. Mimi siafikiani nao. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar (r.a) aliwahi kufikiria kutengeneza dirhamu za ngozi ya ngamia. Akaambiwa kuwa hapo ngamia watakwisha, akaacha. Hakuacha kwa sababu ya uharamu, aliacha kwa sababu ya maslahi ya watu. Na mwaka 1986 wanachuoni wa Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu walikutana Amman, Jordan, wakaamua kuwa pesa za noti ni pesa kamili: zinawajibika zaka na zinaingia riba kama dhahabu na fedha zinavyoingia. Serikali inapotoa shilingi 500 ya chuma haimwambii mtu kuwa ni fedha. Inasema hii ni shilingi 500, na kila mmoja anaipokea hivyo. Kinachosemwa na kinachotolewa ni kitu kimoja. (Kuporomoka kwa thamani ya pesa ni dhulma ya aina nyingine, inahitaji makala yake.)

Ingawa pia si vibaya kujiuliza kwa nini Benki Kuu yenyewe imerudi kununua dhahabu, na kwa nini tangu Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wa dhahabu wametakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya mali yao iuziwe benki hiyo. Wenye kuchapa noti nao wanajua kilicho kizito.

Mkufu wa Khaybar

Tuje kwenye dini, maana ndiko nilikokuwa nampeleka yule kijana.

Imepokewa katika Sahih Muslim kuwa swahaba Fadhala bin Ubaid (r.a) alinunua mkufu siku ya Khaybar kwa dinari 12. Ulikuwa na dhahabu na shanga pamoja. Alipoitenganisha dhahabu na shanga akakuta dhahabu peke yake inazidi dinari 12. Akamweleza Mtume (s.a.w), naye akaelekeza kuwa kitu kama kile kisiuzwe mpaka kitenganishwe. Ndugu yangu, tazama vizuri hapa. Fadhala alikuwa amepata faida. Kwa akili zetu za sokoni tungesema ana bahati, anyamaze. Lakini mafundisho yakaja kuwa dhahabu ikiuzwa kwa dhahabu lazima ijulikane ni kiasi gani upande huu na kiasi gani upande ule, sawa kwa sawa, mkono kwa mkono. Kukisia hakuruhusiwi hata pale kukisia kunapokunufaisha.

Hili linawagusa watu wa Tarime moja kwa moja. Mgodi mkubwa wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002, na pembeni yake na katika vijiji vingine vya wilaya wako wachimbaji wadogo wanaochoma dhahabu yao kwa zebaki na kuitembeza mfukoni kwa gramu. Utamkuta mtu ana gramu tano ghafi, anamwendea mwenye pete ya gramu tatu, wanabadilishana juu kwa juu na kila mmoja anaona amepata. Muislamu haruhusiwi kufanya hivyo. Njia iko wazi, na Mtume (s.a.w) aliionyesha katika tende alipomwelekeza mtu wa Khaybar auze zile duni kwa dirhamu kisha kwa dirhamu hizo anunue nzuri. Uza dhahabu yako ghafi kwa shilingi, tena kwenye masoko ya madini yenye mizani inayoaminika, yaliyoanza kufunguliwa nchini mwaka 2019. Kisha kwa shilingi zako nunua pete. Hivyo hivyo kwa mwenye sarafu ya dhahabu: asiibadilishe kwa dhahabu nyingine kwa kufuata maandishi ya usoni au uzuri wa picha.

Na katika zaka, madini ndiyo yanayotazamwa. Nisabu ya dhahabu ni dinari 20, sawa na gramu 85 za dhahabu safi, na ya fedha ni dirhamu 200, sawa na gramu 595. Mwenye sarafu tatu za duma, ambazo kwa maandishi ni shilingi 4,500 tu, tayari ana zaidi ya gramu 90 za dhahabu safi na zikipitiwa na mwaka anadaiwa zaka. Mwenye dola 25 za fedha za asilimia 90 naye ameshavuka nisabu. Ama dola za njano, hizo huhesabiwa kwa thamani yake ya pesa, dola kwa dola, pamoja na fedha zake nyingine. Mchimbaji naye asingoje mwaka: kwa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, dhahabu ya mgodini ikifika nisabu hutolewa robo ya fungu la kumi pale pale inapopatikana na kusafishwa. Mahanafi wao wanasema ni khumusi. Wenye maduara wamuulize sheikh wao kabla hawajanunua pikipiki.

Dirhamu mbaya haifi na mwenyewe

Nirudi kwa kijana na yule mama.

Rehani si jambo dogo katika dini yetu. Mtume (s.a.w) alifariki dunia deraya yake ikiwa rehani kwa Yahudi mmoja wa Madina, kwa pishi 30 za shayiri alizochukua kwa ajili ya watu wa nyumbani kwake. Zingatia mambo mawili. La kwanza, aliyeshika rehani hakuwa Muislamu, na haki yake ilikuwa kamili. La pili, deraya ilikuwa deraya. Lau yule Yahudi angetaka kuiuza kufidia deni lake angepata shayiri yake. Rehani maana yake ni hiyo, kuwa aliyekukopesha analala usingizi kwa sababu ameshika kitu chenye thamani. Yule mama wa Nyamongo alikuwa analala usingizi juu ya shaba.

Ni kweli, kijana hakusema uongo siku ile. Kukosea bila kujua hakuna dhambi, ila kujua kumemwekea wajibu mpya. Tangu sonara alipomrudishia sarafu yake, kila siku aliyonyamaza ilikuwa sawa na kumwambia mama upya kuwa ile ni dhahabu. Mtume (s.a.w) alipopita sokoni akaingiza mkono kwenye lundo la nafaka, akakuta limelowa ndani, mwenyewe akajitetea kuwa ni mvua. Mvua kweli haikuwa kosa lake. Aliulizwa kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu watu waione, na hapo ndipo lilipotoka lile onyo zito kuwa mwenye kudanganya si katika sisi.

Imam Ghazali katika Ihya ana maneno kuhusu dirhamu mbaya ambayo sijaona mfano wake. Anaeleza kuwa kuitoa dirhamu moja mbaya kunaweza kuwa vibaya zaidi kuliko kuiba dirhamu 100. Sababu yake ni kuwa wizi ni tendo moja, limetendeka likaisha. Dirhamu mbaya inatoka mkononi mwako ikaingia kwa mwingine, naye akaipeleka kwa mwingine, na mwenyewe unaweza kufa ukazikwa huku yenyewe bado inatembea ikidhulumu watu, na kila dhulma inaandikwa kwako. Kisha anasema kuwa mfanyabiashara anawajibika kujifunza elimu ya sarafu, siyo ili asipunjwe yeye, bali ili asije akampunja mwenziwe pasina kujua. Na kama ikikufikia, itupe kisimani isimfikie mtu mwingine.

Nilimweleza kijana kuwa sarafu yake si mbaya kwa maana hiyo. Si ya kughushi. Kwao inanunua kitu cha dola moja mpaka leo. Ubaya uko katika jina alilolipa. Kwa hiyo hahitaji kuitupa kisimani, anahitaji kulifuata lile jina aliloliachia na kulirudisha. Nikamwambia aende Nyamongo, amwambie mama ukweli, na amwachie mama uamuzi: amdai fedha zake pale pale, au ambadilishie rehani, au amsubiri.

Akakaa kimya kidogo. Akaniuliza, "Na akinitangaza, Sheikh? Pale kila mtu ananijua naswali."

Nikamwambia, kwa sababu wanakujua unaswali ndiyo maana alikupa fedha.

Aliondoka siku ya tatu yake. Wiki mbili zikapita bila habari, nikajua labda ameshindwa. Kisha akanipigia simu. Alimkuta mama, akamwambia kila kitu. Mama hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye benchi la wateja akamwambia kuwa sarafu haiko kwake tena. Alikuwa amempa mwenye karasha mmoja kama dhamana, ili mumewe asagiwe mawe yake kwanza na alipe baadaye. Na mwenye karasha naye, ilipokwenda kuulizwa, alikuwa na mpango wa kuipeleka kwa mnunuzi wa dhahabu wa Sirari, mpakani.

Wakaenda wote watatu. Mwenye karasha hakuamini mpaka ilipoletwa mizani ndogo ya dhahabu na kuwekwa juu yake. Gramu nane na pointi moja. Akaitazama sarafu, akamtazama kijana, akamuuliza nani amemlazimisha kuja kusema. Kijana akasema hakuna.

Deni limegawanywa mafungu matano. Mama alikataa rehani nyingine, akasema atamdai kwa mdomo tu. Kijana alipolipa fungu la pili alirudishiwa sarafu yake, na aliponitembelea aliniachia zote mbili kwa sababu, alivyosema mwenyewe, hataki kukaa nazo nyumba moja. Ziko kwenye droo ya meza ninayoandikia. Nimemwahidi kuwa akitokea ndugu anayesafiri kwenda Marekani nitampa, anipe noti za dola mbili kwa sarafu mbili, mkono kwa mkono, nami nizibadilishe nimtumie kijana ziongezwe kwenye fungu la tatu.

Wallahu a'alam.